Sauti ya Mwanafunzi ni ya Nani?

Hivi, mwalimu akimrekodi mtoto anaposoma, kisha akaifungulia ile sauti darasa zima lisikie, amemfundisha au amemwanika?

Nauliza kwa sababu simu janja imeshaingia darasani, na wengi tunaisifu. Nami naisifu. Kosa la ulimi hupita kama upepo. Ukimwambia mtoto "umekosea", anabaki kuamini au kubisha moyoni. Rekodi humpa nafasi ya kulisikia mwenyewe.

Lakini sauti iliyorekodiwa ni ngeni hata kwa mwenyewe. Tunapoongea, sauti yetu hutufikia pia kupitia mifupa ya kichwa. Kwenye simu mifupa haimo, ndiyo maana tunashtuka: "Ndiyo mimi huyu?" Mshtuko huo mtu anastahili kuumaliza peke yake, kabla wenzake hawajacheka. Wapo watakaosema mtoto azoee kuchekwa. Sawa, ila wengine huzoea kunyamaza.

Tena, rekodi haijui kosa ni lipi. Chukua mtoto wa Mkwaja, kule Pangani. Pwani hiyo ya Tanga ina Kimtang'ata, lahaja ambayo Whiteley aliiandikia kitabu mwaka 1956. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, kwa uamuzi wa mkutano wa Mombasa wa 1928. Mtoto akitamka kama bibi yake, nasi tukamwekea sauti ya mtangazaji wa redio ajilinganishe, tumemfundisha nini? Kwamba kwao wanakosea? Sanifu afundishwe, mtihani unaitaka. Ila aambiwe wazi: hii ni ya darasani, ile ni ya nyumbani, na zote ni Kiswahili.

Kuna njia ya kupima nia zetu. Katika mtindo ulioasisiwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1963, mwalimu tarajali alifundisha kipindi kifupi cha dakika chache, akapewa maoni, akarudia. Picha za video zilipotumika, aliyejitazama alikuwa mwalimu, si mwanafunzi.

Basi naona hivi: mwalimu ajirekodi yeye kwanza. Ajisikie anavyowakatisha watoto kabla hawajamaliza kujibu. Akishaonja hilo, atajua kumpa mtoto simu, amwache asikilize kando, halafu amuulize: "Tuwasikilizishe wenzako, turudie, au tufute?" Na mtoto akisema tufute, jamani, ifutwe.