Hela ya Maziwa ni ya Nani?

Juzi baada ya ibada ndugu mmoja alinivuta kando akaniuliza, "Mzee, hii pesa kaunti inatuongezea kwa maziwa, ni baraka ama ni hongo?" Nilicheka, lakini swali halikuniacha.

Sisi wa Murang'a tunaijua hiyo pesa. Ukipeleka maziwa kwa ushirika, kaunti inaongeza shilingi chache juu ya bei ya lita. Mbolea nayo serikali kuu iliishusha hadi 3,500 kwa gunia la kilo 50 mwaka 2022, halafu 2,500 mwaka uliofuata. Mimi siwezi kuiita hongo. Maziwa hayangoji. Unakamua asubuhi na jioni, na yakikosa baridi yameharibika, kwa hivyo brokeri akitaja bei yake unakubali tu. Kumshika mkono mtu aliyebanwa hivyo ni haki.

Lakini tusiseme ni pesa ya mheshimiwa. Hakuna aliyeitoa mfukoni mwake. Imetoka kwa kodi, na kodi haiulizi kama una ng'ombe. Mama mjane anayechuma chai ya wenyewe, hana hata mbuzi, akinunua sabuni amelipa VAT asilimia 16. Akituma pesa kwa simu, amekatwa. Halafu ruzuku inahesabiwa kwa lita: mwenye lita 5 anapata ya 5, mwenye lita 60 anapata ya 60. Kumbe yule mama anamchangia jirani mwenye ng'ombe wanne! Hilo hatulisikii kwa mikutano.

Tunapenda kuhubiri Yusufu wa Mwanzo 41, aliyeweka akiba ya sehemu ya tano wakati wa shibe. Sura ya 47 tunairuka. Hapo watu walinunua nafaka kwa pesa, pesa ikaisha, wakatoa mifugo, kisha mashamba, mwisho wakawa watumwa wa Farao. Kwa hivyo mtu akikudai kura kwa sababu ya ruzuku, mkumbushe wewe ndiwe uliyeilipia.

Sasa niseme langu. Jirani yangu hakuwa mwanachama wa ushirika, hakuwa na pesa ya hisa. Nikamwambia, leta maziwa yako tupime kwa namba yangu. Nikawa namlipa bei ya brokeri na shilingi moja juu. Alishukuru sana, hata aliniombea. Kilichobaki kilikuwa changu, pamoja na ruzuku. Tulienda hivyo miezi saba.

Nilijitetea moyoni kwamba hakuna aliyeumia. Maziwa ni ya kweli, kaunti ingelipa vilevile kama angekuwa mwanachama, na yeye anapata zaidi ya zamani. Hoja ilikuwa nzuri mpaka siku aliponiuliza ushirika unalipa ngapi. Nilimtajia bei ya chini. Mdomo ulitangulia kabla sijafikiria, na hapo ndipo nilijua. Kama ningekuwa namsaidia kweli, nisingeogopa ajue bei.

Nilienda kwake jioni nikamwambia yote. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Sasa ni ngapi?" Tulihesabu kwa daftari. Nimemlipia hisa, siku hizi anapima kwa namba yake, na ile tofauti namrudishia kidogo kidogo, sijamaliza. Rafiki zangu wengine wanasema nimezidisha, biashara ni biashara. Sijui Zakayo wangemwambia nini.

Ila kwa yule mama sina ofisi ya kwenda kulipa. Kila jioni mtoto wake hupita kwangu na kikombe, na mimi nilikuwa naandika deni. Wiki hii nimelifuta lote, na maziwa naendelea kumpa. Alikuja mwenyewe kushukuru. Nilishindwa kumjibu, maana bado najiuliza kama nimempa ama nimemrudishia.