Heshima ya Aliyebeba Mzigo

Kila mwaka, tarehe 25 Julai, Tanzania huwakumbuka mashujaa wake. Tarumbeta hulia, watu husimama kimya, na mkuki na ngao huwekwa penye mnara. Jambo hili ni jema, wala hatuneni neno la kulipunguza. Lakini twapenda kuuliza: anayestahili heshima hiyo ni nani? Je, ni yeye tu aliyeshika bunduki?

Mjini Dar es Salaam, tangu mwaka 1927, yuko askari wa shaba, bunduki mkononi, kama anayemwendea adui. Karibu na hapo upo mtaa wa Kariakoo, na wengi wauzao na wanunuao humo hawajui kwamba jina hilo ni jina la vita. Ni Carrier Corps, yaani jeshi la wapagazi wa Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918, nalo ndimi zetu zimeligeuza. Katika vita vile ndorobo waliua farasi na ng'ombe, na magari yalizama matopeni. Basi unga, risasi na majeruhi vilikwenda vichwani na mabegani mwa watu. Waingereza walichukua wapagazi, na Wadachi vivyo hivyo. Waliokufa hawakufa sana kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa homa, kwa njaa, njiani, na mzigo wa marehemu akapewa mwingine.

Huenda mtu akasema, “Wengi wao walikamatwa kwa nguvu, na vita vyenyewe vilikuwa vya wageni. Ushujaa ni kuchagua; asiyechagua aitwaje shujaa?” Hoja hii ina uzito, nasi hatuipuuzi. Twakubali kwamba si kila mpagazi alikuwa shujaa. Wala si kila askari. Lakini twaona kuwa heshima ya siku hii si tuzo tu ya ushujaa, bali pia ni deni. Na aliyelazimishwa anadai zaidi, maana alitoa uhai wake asipate hata sifa ya kuwa ameutoa kwa hiari.

Deni hulipwaje, basi, kama mwenye kudai hajulikani jina? Hapo ndipo penye aibu. Mzungu aliyekufa alichongewa jiwe lake na jina lake. Wapagazi wengi hawakuandikwa popote. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, ikaomba radhi. Radhi ni neno. Tendo tuliloliona ni lile la Cape Town, ambako mwaka 2025 ulifunguliwa ukumbusho wenye majina ya watu weusi zaidi ya 1,700 wa Afrika Kusini, waliotumika katika vita vile bila kushika silaha. Yalitafutwa, yakapatikana.

Kwetu pia wako wazee wanaoweza kutaja babu aliyechukuliwa asirudi, na kijiji alikotoka. Sisi walimu tuna madaftari, na wanafunzi wanaoishi na wazee hao nyumba moja. Kutoka leo hata 25 Julai ijayo, darasa moja laweza kujaza kurasa kadhaa.