Anayekula Ndiye Aonje

Wanangu, kila kitu kipya kinapofika kwetu hapakosi kijana mmoja hodari wa kukishika kwanza, akakipanga apendavyo yeye, kisha akampa mwenzake na kumwambia: tayari. Niliyaona hayo enzi za redio za betri, nikayaona kwa mashine za kupiga chapa za ofisini, na sasa nayaona kwenye kompyuta ya mtu asiyeona. Sina hasira. Nacheka kidogo, kisha nasema tena yale yale.

Chukueni NVDA, programu inayoisoma skrini kwa sauti. Waliotutengenezea ni Waaustralia wawili wasioona: Michael Curran aliyeianza mwaka 2006, na James Teh aliyeungana naye. Unaipata bila kutoa hata faranga. Inakaa kwenye flashi pamoja na mipangilio yake, hivyo mtu wa Epulu akipanda gari mpaka Bunia na kuazima kompyuta, anachomeka flashi yake na sauti ile ile aliyoizoea inaanza kumsomea. Tumepewa neema. Tatizo ni mikono yetu.

Hodari wetu anakaa kwenye kiti. Macho anayo, skrini anaisoma mwenyewe, na pilipili usiyoila yakuwashia nini? Anaongeza kasi ya sauti, kwa kuwa amesikia wazoefu husikiliza mbio mbio. Ni kweli husikiliza hivyo, lakini walipanda polepole, miezi na miaka. Halafu anawasha kila kinachoweza kuwashwa: kila nukta itajwe, kila mkato, kila mabano, kila herufi inayobonyezwa, na neno likikamilika lirudiwe zima. Mwenye kompyuta anaandika barua ya mistari mitatu na kichwa kinamuuma kabla ya salamu kwisha. Kesho haji. Kesho kutwa haji. Na watu wanasema, mnaona, kompyuta si kitu cha kipofu. Lawama inamwangukia aliyetaka kujifunza, na aliyeharibu ameshakwenda zake.

Lugha nayo ina vituko vyake. Sisi huku Kongo barua ya ofisi tunaiandika kwa Kifaransa, ya mama kwa Kiswahili. Ukiiacha sauti ya Kifaransa isome barua ya mama, chakula kinageuka “shakyula”. Ukiipa sauti ya Kiswahili barua ya ofisi, “bureau” inaitamka silabi kwa silabi, bu-re-a-u, na mtu anabaki kujiuliza ni mji gani huo. Dawa ipo humo humo. Sauti ya eSpeak NG inayokuja na NVDA inajua lugha zote mbili. Shika Insert, Ctrl na P, utengeneze wasifu wa mipangilio mmoja wa Kifaransa na mwingine wa Kiswahili, kila mmoja na sauti yake, kisha uupe kila mmoja vitufe vyake vya kuuita. Kazi ya nusu saa. Wengi huikimbia, wakavumilia “shakyula” mwaka mzima.

Mipangilio hii, wanangu, ni chumvi. Mpishi hutia kidogo, akakoroga, akaonja, ndipo akaongeza, na hapa wa kuonja ni yule atakayekula. Vidole vyake ndivyo viwe kwenye kibodi, wewe kaa pembeni. Badilisheni jambo moja, alifanyie kazi siku kadhaa, ndipo mguse la pili. Anasoma habari? Alama zipungue. Anakagua hesabu au namba za simu? Abonyeze Insert na P, aongeze alama mwenyewe, akimaliza azirudishe chini. Na likimpendeza, ahifadhi pale pale kwa Insert, Ctrl na C. Programu kwa kawaida huhifadhi unapoifunga vizuri, lakini umeme wetu unaujua: ukikatika haukungoji ufunge kitu.

Kongo ilijiunga na mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, na mwaka 2022 ikatunga sheria yake yenyewe. Ni jambo jema sana. Ila sheria haitakaa kitini karibu na mtu ikamwuliza, kasi hii inakufaa?

Najua kesho mtaharakisha tena. Ujana ndivyo ulivyo, na mtu anayekimbilia kusaidia ni bora kuliko anayepita kando. Basi nawaomba jambo moja. Kompyuta ina huruma ambayo chungu hakina: chumvi yake hutoka. Insert, Ctrl na R, mara moja, inamrudisha mwenye kompyuta pale alipohifadhi mwisho. Mara tatu mfululizo, inamrudisha kama programu ilivyotoka kwa walioitengeneza. Kabla hamjagusa kitu kingine chochote, mfundisheni hilo. Mkishaondoka, mliyoyavuruga atayanyoosha mwenyewe, bila kuwatafuta wala kuwaomba.