Tulipoichoka Dhahabu

Kuna picha yangu moja ambayo bado ninaipenda, ingawa siku hizi simwonyeshi mtu. Nimechuchumaa kwenye mwalo huko Makongolosi, wilayani Chunya, suruali imeloa mpaka magotini, nimeshika karai lenye mchanga mweusi na ninacheka kama mtoto aliyepewa pipi. Ukiikuza picha utaona chini ya karai kuna vumbi la njano lisilojaza hata ukucha. Nilikuwa nikiwaambia watu kwamba nimeliosha mwenyewe. Si kweli sana. Kijana mmoja alikuwa ameshaosha robo tatu ya kazi, akanipa karai nimalizie, na hata hapo mkono wake ulikuwa chini unanisaidia nisimwage.

Lakini furaha ilikuwa yangu kweli. Nilirudi Mbeya mjini nimeungua jua, mgongo unauma, nikiwa na raha ambayo mshahara haujawahi kunipa.

Tulikuwa wanane, wanne wa Iringa na wanne wa Mbeya: walimu wawili, muuguzi, mhasibu, fundi simu, watumishi wawili wa halmashauri, na mimi wa magazeti. Tulianza kama wanavyoanza wengi wenye mishahara huku Nyanda za Juu Kusini. Mmoja wetu alikuwa na shemeji anayechimba, shemeji akahitaji mfadhili wa duara, tukachanga. Duara ni shimo la mchimbaji mdogo, na usitegemee kulikuta ni mviringo. Mfadhili analipia chakula, matimba ya kuzuia kuta zisianguke, moko na nyundo, mafuta ya pampu, na baadaye gharama ya kusaga mawe kwenye karasha. Wachimbaji hawana mshahara. Wanakula, wanachimba, na mawe yenye dhahabu yakitoka watu wanagawana mifuko: mwenye leseni fungu lake, mwenye duara lake, mfadhili lake, wachimbaji lao. Yasipotoka, kila mtu amekosa. Ndivyo tulivyoelezwa, na masikioni mwetu ilikuwa haki tupu.

Hakuna aliyetegemea kutajirika, labda mhasibu. Tulitoa laki moja moja kwa mwezi, hela ambayo mtu mwingine angeimaliza kwenye nyama choma bila kumbukumbu yoyote. "Wenzetu wanakwenda Ruaha kutazama tembo," mwalimu mmoja alikuwa akisema, "sisi tunakwenda Chunya kutazama shimo." Na kweli ulikuwa utalii. Sisi wa Iringa tulipanda basi Ijumaa jioni, tukalala Mbeya, alfajiri tukapanda mlima na wenzetu kupitia Kawetire, ukungu na masweta. Pale kwenye mwinuko wanapopaita World's End tulisimama kupiga picha, halafu tukateremka kwenye joto la Lupa huku tukivua nguo moja moja.

Mara ya kwanza wachimbaji waliniangalia kwa mashaka. Wapo wanaoamini kwamba mwanamke akisogea mdomo wa shimo dhahabu inakimbia. Kiongozi wa duara, mtu wa makamo aliyetoka Kahama, akawaambia dhahabu yenyewe haijaonekana, sasa itakimbia kutoka wapi? Wakacheka, nikapewa ndoo nikalie.

Njia ile ni ya zamani kwa watu wenye hamu kama yetu. Dhahabu ya Lupa ilianza kuwavuta Wazungu miaka ya 1920, na mji wa Mbeya wenyewe ulikua kwa sababu hiyo. Miaka ya 1930, bei za mazao zilipoanguka duniani, wakaongezeka waliokuja na makarai kutafuta bahati mitoni. Wapo waliokuja kwa sababu wamefilisika, wapo waliosukumwa na hamu tu. Ila koleo kwa sehemu kubwa lilishikwa na Waafrika, kwa ujira mdogo. Kwa hiyo sisi wanane hatukuvumbua kitu. Kutafuta dhahabu kwa mikono ya mwenzio huku wewe ukijiita mchimbaji ni desturi iliyoitangulia lami ya Chunya kwa miaka mingi sana.

Ulaya na Marekani wapo wanaofanya haya kwa mikono yao wenyewe, kwa kujifurahisha. Wana vilabu, wanalipa ada, wikiendi wanakwenda mtoni na familia. Kule Tankavaara, kaskazini mwa Ufini, kuna hata mashindano. Kila mshindani anapewa ndoo ya mchanga ambamo waamuzi wamekwisha kutia vipande kadhaa vya dhahabu, idadi anaambiwa nani! Anaosha, saa inahesabu, na kila kipande atakachokipoteza anaongezewa muda wa adhabu. Niliposoma habari hizo mara ya kwanza nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Wale wameitoa bahati kwenye mchezo. Dhahabu imo ndani ya ndoo kwa hakika, kinachopimwa ni mkono wako. Chunya hakuna aliyetia kitu ndani ya ndoo ya mtu.

Mholanzi Johan Huizinga, katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu mchezo, *Homo Ludens*, anasema mchezo kwanza ni hiari. Ukilazimishwa, si mchezo tena. Kwa muda mrefu nilidhani jambo hilo linatosha kutenganisha watu wa pale: sisi tulikuja kwa hiari, kwa hiyo tulikuwa tunacheza, wao walisukumwa na njaa, kwa hiyo walikuwa kazini. Safi kabisa. Kasoro yake ni kwamba si kweli, na aliyenionyesha ni kiongozi wa duara mwenyewe. Nitamfikia.

Tulianza Julai. Kufika Novemba duara lilikuwa na mita 19 na halijatoa jiwe lenye maana. Sampuli zilioshwa, tukaona rangi mara mbili, zikapotea. Mhasibu akaanza kuchelewesha mchango. Muuguzi akapata mtoto. Sisi wa Iringa tukaanza kuona safari ni ndefu. Jumapili moja mtu akaandika kwenye kundi letu la simu: jamani, hivi hatujachoka? Dakika kumi hazikupita, tulikuwa tumekubaliana. Hakukuwa na ugomvi. Yule mwenye shemeji akapewa jukumu la kupiga simu. Mtu mwingine akaweka kikatuni cha mtu anapunga mkono, tukacheka, tukalala.

Kila mmoja wetu alikuwa amepoteza shilingi 400,000. Tuliiita ada ya shule.

Wiki mbili baadaye nilikuwa Chunya kwa kazi ya gazeti, habari ya soko la madini lililofunguliwa pale mwaka 2019. Nikaona aibu kupita bila kuwasalimu. Niliwakuta watatu kati ya sita. Wengine walikwenda kuosha marudio kwa watu, yaani mchanga ambao dhahabu yake imekwisha kutolewa mara moja. Chakula kilikuwa kimekatika siku ile ile ya simu. Mama ntilie alikuwa anawadai 140,000, kwa sababu wiki mbili za mwisho mchango wetu ulichelewa naye akawapikia kwa imani kwamba "wale wa Iringa" watalipa.

Nyuma ya kibanda chake kijana mmoja alikuwa anachoma zebaki kwenye kipande cha bati kutoa dhahabu ya mtu mwingine. Nilihama upande upepo unakotoka, kama nilivyofanya miezi yote ile. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na mimi mwenyewe niliwahi kuandika habari yake. Kwenye duara letu sikuwahi hata kuuliza nani atachoma, na wapi.

Niliporudi nilimpigia mwalimu, maana ndiye mwenye akili ya ubishi kati yetu. Akaniambia nisijitese. Sote tumekosa sawa, sisi hela, wao nguvu. Ni watu wazima, walijua.

Nikachukua karatasi. Watu 6, siku 100, kibarua cha shilingi 7,000 kwa siku: milioni 4 na laki 2. Mchango wetu wote ulikuwa milioni 3 na laki 2. Mwalimu akasema nitoe chakula walichokula, kwani tulikilipia. Haki yake. Nikatoa 2,000 kwa kila mtu kwa siku, ikabaki milioni 3. Tukakaribiana. Lakini gawanya sasa: milioni 3 kwa watu 6 ni laki tano kila mmoja, sisi laki nne. Kila mchimbaji alikuwa ameweka mtaji mkubwa kuliko kila mfadhili, na hakuna siku tuliyowaita wafadhili. Mwalimu akanyamaza kidogo, kisha akasema hesabu za magazeti anazijua.

Tulipokuwa shule ya msingi tulisimuliwa hadithi ya watoto wanaorusha mawe bwawani na vyura wanaowaambia: kwenu ni mchezo, kwetu ni mauti. Ndiyo niliyoibeba kichwani nilipokwenda tena Makongolosi, nauli yangu mwenyewe, kulipa lile deni la mama ntilie. Nilimweleza kiongozi wa duara kwamba ninaona tuliwatendea vibaya, kwamba tulichezea maisha yao. Nilikuwa nimejiandaa kusamehewa, nadhani.

"Dada, usinifanye chura," alisema. (Hadithi anaijua, nani haijui.) "Vyura hawakuomba mawe. Mimi nilikuombeni. Halafu nani kakwambia mimi sichezi? Nina shamba la mpunga nyumbani. Kaka yangu analima, anakula, analala. Mimi nikikaa mwezi mmoja bila shimo naumwa."

Nikamuuliza basi kosa letu ni lipi, au hakuna.

"Mlipochoka mlipiga simu," alisema. "Mimi nikichoka nampigia nani?"

Nimelizungusha swali hilo miezi sasa. Anacheza, kwa kinywa chake, tena kwa mapenzi kuliko mimi. Kwa hiyo siwezi tena kusema kosa ni kucheza mahali ambapo wengine wako kazini. Wala kosa si kupoteza, maana shimo halina ahadi na mafundi wa Chunya wanalijua hilo kabla hatujazaliwa. Kilichotutenganisha ni mlango wa kutokea. Sisi mtaji wetu uliingia kidogo kidogo na kila mwisho wa mwezi tuliweza kuuzuia. Wa kwao uliingia kila siku, ukafukiwa mita 19 chini, na mtu hawezi kuuchukua akaenda nao. Tukiacha sisi, tumeacha burudani ya mwezi ujao. Wakiacha wao, wameacha siku 100 ambazo zimekwisha kulipwa. Ule uhuru wa Huizinga ulikuwepo kwetu sote siku ya kuingia. Siku ya kutoka ulibaki kwa upande mmoja.

Na hapa ndipo ninaposhindwa kujitetea. Siku ya kwanza, chini ya mti, tulitumia saa mbili kujadili mgawo wa mifuko: asilimia za nani, nani anasimamia karasha, dhahabu ikauzwe soko gani. Tuliandikishana kabisa. Tulipatana kuhusu dhahabu ambayo pengine haikuwepo, tusipatane hata neno moja kuhusu siku ya kuachana, ambayo kuja kwake kulikuwa hakika. Mwezi mmoja wa taarifa ungetosha. Au kifuta jasho, hata elfu tatu kwa siku waliyochimba. Mhasibu alikuwepo, jamani. Hakuna aliyefikiria, kwa sababu hakuna kati yetu aliyewahi kushikwa na mchezo asiweze kuinuka.

Kuna msomaji atakayesema: basi wenye mishahara wakae mbali na mashimo. Nililiwaza hilo pia. Nikamwuliza kiongozi, akaniangalia kama nimesema upuuzi. Bila mfadhili atarudi kuosha marudio ya watu. Hataki wafadhili waondoke, anataka wasiondoke hivyo. Na sheria haimsaidii. Leseni ndogo ya uchimbaji ina mwenyewe, na mwenyewe si yeye. Makubaliano ya chini ya mti yana nguvu ya mti.

Desemba mvua zilianza na duara likajaa maji. Pampu ilikuwa ya kukodi, ikarudishwa kwa mwenyewe.

Januari kundi letu la simu liliamka. Mhasibu amepata mtu Nyakavangala, upande wa Iringa vijijini, karibu kabisa, unakwenda asubuhi jioni uko nyumbani. Watano wamekubali. Niliandika kwamba kabla ya kuchanga tukubaliane namna ya kuacha, taarifa ya mwezi mzima na kifuta jasho cha kila siku iliyochimbwa. Mtu akajibu, mwandishi wetu bwana, hata hatujaanza tayari unazungumzia talaka. Vikatuni vya kucheka vikafuata. Sikuchanga, ila sikutoka kwenye kundi, na picha zao ninaziangalia zote. Juzi wameonyesha rangi kwenye karai na moyo wangu uliruka, siwezi kuwadanganya.

Mwezi uliopita kiongozi wa duara alinipigia. Hakutaja hela. Alisema maji yameanza kupungua, vijana wanne wamerudi, anahitaji pampu na chakula cha miezi miwili tu, kama namfahamu mtu. Nikamwambia nitamuulizia.

Sijamuulizia.