Kumkeshea Asiyejua Kutakucha

Binadamu akiugua usiku huuliza saa. Huuliza mara ya kwanza, akauliza tena baada ya muda uliokuwa mrefu kwake na mfupi kwako, na ukimjibu kwamba ni saa nane utamwona akihesabu kimoyomoyo: tisa, kumi, adhana, jogoo, mwanga dirishani. Hesabu hiyo humsaidia kuvumilia. Maumivu yake yamewekewa mpaka, hata kama mpaka wenyewe ni wa kujitungia, kwa sababu wagonjwa wengi huamini kwamba kukikucha watapata nafuu, na wengi huipata kweli, angalau ile nafuu ya kuona watu.

Mbwa haulizi. Kwa kadiri niwezavyo kumwelewa, hajui kwamba usiku huu una mwisho, wala hajui kwamba yule mtu aliyemchoma sindano jana alasiri alikuwa anamtetea. Anachojua ni kwamba mwili unamuuma na kwamba wewe upo. Basi anayemkeshea ana kazi mbili. Ya kwanza ni ya mikono, na daktari wa mifugo ameshaielekeza. Ya pili ni kujua, kwa niaba yake, kwamba kutakucha. Hiyo ya pili haielekezwi na mtu, na ndiyo ninayotaka kuizungumzia, polepole, maana yenyewe ni jambo la polepole.

Mbwa wetu Bobi alikuwa na homa ya kupe. Waliofuga mbwa Tanga, au popote pwani, wanaijua: mbwa anaacha kula, anatetemeka juani, fizi zinapauka, mkojo unakuwa mwekundu wa kuelekea weusi. Chanzo chake ni kidudu kisichoonekana kwa macho, ambacho kupe hukiacha mwilini anapofyonza damu. Kikishaingia hujipenyeza ndani ya chembe nyekundu, kikazaana humo mpaka chembe zikapasuka. Victor Babeș wa Romania aliona kidudu cha jamii hiyo katika damu ya ng'ombe mwaka 1888, na ni jina lake kilichobaki nalo: babesia. Mwaka 1893 Theobald Smith na Fred Kilborne wa Marekani wakaonyesha kwamba msafirishaji wake ni kupe, miaka michache kabla Ronald Ross hajaona vimelea vya malaria ndani ya mbu. Magonjwa haya mawili si mamoja, lakini yana mwendo wa kufanana: mdudu anauma, damu inavunjika, mwili unawaka. Na sisi wa pwani, ambao hatuna nyumba isiyopitiwa na malaria, tumeuonja mwendo huo. Nilipomwona Bobi akigonganisha meno katika usiku wa joto la kutoa jasho, sikuhitaji kuambiwa anajisikiaje. Nimewahi kulala nimejifunika mablanketi mawili mwezi wa pili.

Maelekezo ya daktari yalikuwa machache. Mwondoe kwenye sakafu ya saruji, mtandikie kitu kikavu. Mpe maji kidogo kidogo, usimlazimishe. Hesabu pumzi zake akiwa ametulia: zisizidi 30 kwa dakika. Bonyeza ufizi kwa kidole kisha achia. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili hivi. Usimpe dawa ya maumivu ya watu, maana parasetamoli inayokutuliza wewe inaweza kumuua yeye. Mgeuze kila baada ya muda, mara ubavu huu, mara ule, ili mapafu yasilemewe upande mmoja. Sindano imeingia, alisema. Sasa tuuachie usiku.

Kuuachia usiku ndiko kugumu. Kazi ya mikono huisha mapema. Umetandika, umenywesha, umegeuza, umehesabu, na bado ni saa saba na nusu. Mikono inabaki inatafuta cha kufanya, na mtu akiwa hivyo huanza kusumbua mgonjwa: anamshikashika, anamwita jina, anamlazimisha maji ambayo hayataki, yote hayo ili yeye mwenyewe aone kuwa anafanya jambo. Nimewaona watu wazima wakifanya hivyo vitandani pa wazazi wao. Kukaa tu, bila kumhitaji mgonjwa akuonyeshe dalili, ni ibada ngumu kuliko nyingi tunazozifanya kwa sauti.

Na hapo sala huja, na ikija inakuja na haya. Kumwombea mbwa! Kwetu mbwa hulala nje. Ni mlinzi, na jina lake ni tusi tunalorushiana barabarani. Tena mji ule ule, saa ile ile, kuna mama amekaa kwenye benchi la wodi na mtoto anayechemka kifuani. Je, nina haki gani ya kupeleka kwa Mungu habari za mnyama? Swali hilo silipuuzi. Nimelikalia usiku zaidi ya mmoja, na jibu nililonalo halitoki kwenye hoja, linatoka kwa watu ninaowafahamu. Wanawake wa mtaani kwetu wanaoamka usiku kumtazama mbuzi anayezaa ndio hao hao wanaogongewa mlango jirani anaposhikwa na uchungu. Sijamwona aliyepungukiwa na huruma kwa mtoto kwa sababu alikwisha kuitumia kwa mnyama. Niliowaona ni waliozoea kusema "mbwa tu", kisha wakaja kusema "mzee tu", "mlevi tu", "hausigeli tu".

Kitabu cha Yona kinamalizikia kwenye swali ambalo nabii halijibu. Mungu anamuuliza kama haimpasi kuuhurumia mji wa Ninawi, wenye watu zaidi ya 120,000, na wanyama wengi pia. Kitabu kinakomea hapo hapo, kwa wanyama. Aliyekiandika angeweza kuishia kwa watu, hoja ingekuwa imekamilika. Hakuishia hapo.

Kuna habari nyingine ninayoipenda kuliko zote katika jambo hili, na haimo katika msahafu wowote. Mwaka 1914 wafanyakazi wa machimbo ya mawe huko Oberkassel, karibu na Bonn nchini Ujerumani, walifukua kaburi la mwanamume na mwanamke waliozikwa yapata miaka 14,000 iliyopita. Pamoja nao palikuwa na mifupa ya mbwa. Ilihifadhiwa, ikakaa miaka mingi. Mwaka 2018 Luc Janssens, daktari wa mifugo aliyegeukia mambo ya kale, pamoja na wenzake, walitoa matokeo ya uchunguzi wao wa meno ya mbwa yule. Alikuwa bado mtoto, wa miezi kama saba. Meno yalikuwa na alama ambazo wao walizisoma kuwa ni za distempa, ugonjwa wa virusi ambao hata leo unaua watoto wa mbwa wasiochanjwa. Alama hazikuwa za mara moja. Alianza kuugua akiwa na miezi kama mitano, akapata ahueni, akaugua tena, akaugua tena, kwa majuma kadhaa. Distempa kali huua upesi pasipo uangalizi. Kwa hiyo, walisema, kuna mtu aliyempa joto, akamfuta matapishi na uharo, akamletea maji na pengine chakula, muda wote huo.

Nikiwa nimekaa barazani saa tisa za usiku, mtu huyo huwa karibu nami kuliko majirani waliolala. Najaribu kumwona. Ulaya ya siku hizo ilikuwa na majira ya baridi kali. Watu wale waliishi kwa kuwinda, na mtoto wa mbwa mwenye distempa hawezi kuwinda, hawezi kubweka akasikika, hawezi hata kusimama sawasawa. Hakuwa na faida yoyote waliyoweza kuitumia. Hapakuwa na daktari wa kusema sindano imeingia. Hapakuwa na maandiko, wala mtu wa kumwambia kuna thawabu. Palikuwa na moto, ngozi ya kufunikia, na kiumbe kinachotetemeka. Akaamka. Akaamka na kesho yake. Naye pia alikuwa anajua jambo ambalo mnyama yule hakulijua, kwamba giza hili lina mwisho, akakaa nalo kwa ajili ya wote wawili.

Mtoto yule wa mbwa alikufa hatimaye. Wakamzika pamoja na watu wao.

Kwenye saa kumi na moja, siku ile ya Bobi, jirani yangu mzee alipita akitoka msikitini. Taa ya baraza ilikuwa inawaka, akasimama nje ya ngazi.

"Hodi. Kwema humo?"

"Shikamoo, Mzee. Kuna mgonjwa."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa nani?"

Nikamwambia ni mbwa. Nilitazamia acheke, au aseme "aa" na kuendelea na safari yake. Yeye ni mtu wa madhehebu ya Shafi, kama walivyo Waislamu wengi wa mwambao. Mate ya mbwa kwake ni najisi, chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Akaikusanya kanzu yake isiguse ngazi. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Umemgeuza?"

Nikamjibu nimemgeuza. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaniambia kwamba kila Ijumaa husoma Sura ya Pango, na kwamba ndani yake wapo vijana waliokimbilia pangoni kwa ajili ya imani yao, Mungu akawalaza miaka mingi, akawa anawageuza kuliani na kushotoni. Na mbwa wao, akasema, alikuwa kizingitini amenyoosha miguu yake ya mbele. Alisema hivyo akimtazama Bobi, ambaye naye alikuwa amelala mlangoni, miguu imenyooka. "Mimi nina nguo za sala, siwezi kumsogelea," akasema. "Ila maji, kama yamekatika kwako, ninayo kwenye pipa."

Yalikuwa yamekatika tangu jioni. Akaenda, akarudi na ndoo, akaitua kwenye kidato cha chini, nikaja kuichukua. Akanisimulia pia hadithi ya Mtume juu ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akakishika kwa meno na kupanda nacho, ili amnyweshe mbwa aliyekuwa analamba udongo kwa kiu. Na Mungu akamsamehe dhambi zake. Hakuisimulia kama somo. Aliisimulia kama mtu anayetaja habari za ukoo.

Nimeufikiria sana mpaka ule alioushika. Hakuvuka sheria yake hata kwa inchi moja, na huruma yake haikupungua hata kwa tone. Nilikuwa nikidhani, kama wengi wetu tunavyodhani, kwamba mtu lazima alegeze dini ili aongeze upole. Mzee yule alisimama pale pale dini yake ilipomsimamisha, akanyoosha mkono.

Mimi ni Mkristo, na usiku kama ule maneno yanayonijia ni ya sura ya nane ya Waraka kwa Warumi. Paulo anasema humo kwamba viumbe vyote vinaugua pamoja mpaka sasa. Halafu anasema nasi tunaugua ndani yetu. Halafu, na hapa ndipo nilipokuwa nikipita haraka zamani, anasema kwamba Roho naye hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Sehemu tatu, sauti ileile: mnyama, mtu, na Mungu mwenyewe. Niliisoma miaka mingi kanisani, mchana, kwenye kipaza sauti. Sikuisikia mpaka nilipokaa gizani na kiumbe kinachogumia kila kinapotoa pumzi, nami sina neno la kumwambia, wala sina neno la kumwambia Mungu juu yake. Kugumia kule hakukuwa kinyume cha sala. Nilipoacha kutunga maneno, nikawa nahesabu tu pumzi, ishirini na nane, thelathini na mbili, ishirini na tisa, nilihisi kwamba nimeingia mahali ambapo mbwa alikuwapo tayari, na kwamba hatukuwa wawili.

Sidai zaidi ya hapo. Sijui Mungu hufanya nini na pumzi za mbwa.

Bobi alinyanyua kichwa jua lilipopanda, akanywa maji ya Mzee. Ufizi ulichukua majuma kadhaa kurudisha rangi yake, na kwa muda alikuwa akipanda ngazi kwa vituo. Tulipata naye muda mwema baada ya hapo. Kisha ukaja ugonjwa mwingine, figo, na usiku mwingine, na safari hiyo nilikesha nikijua kwamba kitakachokucha si nafuu. Kazi ya mikono ilikuwa ile ile: kukausha, kulowesha ulimi, kugeuza. Nilitaka kuona kama kukesha kunabadilika tumaini la kupona likiondolewa. Kulibadilika kidogo kuliko nilivyoogopa.

Sasa hivi watu wananijua mtaani kwa jambo hili, na simu hulia saa za ajabu. Juzi ilikuwa sauti ya kijana, ananong'ona asiamshe nyumba, mbwa wao anatetemeka na hajui afanye nini, na baba yake amesema waache, ni mbwa. Nikamuuliza fizi zina rangi gani. Akaenda kutazama na tochi. Nikamuuliza amelalia nini, akasema saruji, nikamwambia atafute gunia kavu. Nikampa namba ya daktari wa kumpigia asubuhi. Kisha nikamwambia asikate simu, aiweke chini karibu naye, ahesabu pumzi kwa sauti nami nihesabu pamoja naye.