Kumtumikia Asiyekukumbuka

Soma Luka 14:12-14. Yesu anamshauri mwenye karamu awaalike wale wasio na uwezo wa kumlipa. Mara nyingi tunalisoma fungu hili tukiwafikiria maskini wa fedha. Juma hili tumfikirie maskini wa namna nyingine: mtu asiyeweza kurudisha hata shukrani, kwa sababu kufikia jioni hatakumbuka kwamba ulikuja.

Mpwa wangu anasoma katika chuo kimoja karibu na Chicago, Marekani. Mwaka wake wa kwanza ulikuwa mgumu. Alibadili kozi mara mbili, akaacha kupiga simu, na alipopiga aliniuliza lile swali ambalo vijana huuliza usiku: "Mjomba, mimi nipo duniani kwa ajili ya nini?" Nilimjibu kama watu wa idara yangu wanavyojibu, kwa mafungu mengi. Nadhani hayakumsaidia sana. Chuo kiliwataka wanafunzi wafanye saa kadhaa za kujitolea, naye akajiandikisha katika kundi lililokuwa na nafasi: vijana waliokaa na meza mlangoni pa ukumbi wa chakula, wakichangisha fedha kwa ajili ya ugonjwa wa Alzheimer.

Kila mwaka, tangu 1989, chama kiitwacho Alzheimer's Association huandaa matembezi ya hisani, na siku hizi hufanyika mahali zaidi ya 600 nchini humo. Fedha huenda kwenye utafiti na kwenye huduma kwa familia, ikiwemo simu inayopokelewa usiku na mchana. Uchangishaji wenyewe hauna utukufu wowote. Unatuma ujumbe, hujibiwi, unatuma tena. Watu wanapita mezani wakijifanya wanasoma simu zao. Siku ya matembezi kila mtu hubeba ua la plastiki linalozungushwa na upepo kama kititia. La buluu ni la mgonjwa mwenyewe. La zambarau ni la aliyefiwa. La njano ni la anayeuguza, na la rangi ya machungwa ni la mtu anayeunga mkono tu.

Mpwa wangu alisimama mbele ya maua hayo akashindwa kuchagua. Bibi yake, ambaye ndiye mama yangu mzazi, ana ugonjwa huo huo.

"Nilitaka la njano," aliniambia, "lakini mimi simuuguzi Bibi. Nikachukua la machungwa. Wewe Mjomba ungechukua lipi?"

Sikujibu upesi. Mama yuko kijijini, milimani Upare, na dada yangu mkubwa anaishi naye. Mimi niko Moshi. Nilikuwa nikienda kila mwezi. Mama alipoanza kuniita kwa jina la kaka yake aliyefariki, nilimsahihisha. Siku nyingine nikamsahihisha tena. Safari ya tatu hakunijua kabisa, akamwomba dada amtoe mgeni huyu nje. Tangu hapo safari zikapungua. Nilituma fedha, na kwa watu nilisema kazi ni nyingi. Moyoni nilijiuliza: niende nisiende, kwake kuna tofauti gani?

Dada angecheka kusikia swali hilo. Mama akiogeshwa kwa maji ya vuguvugu na kuimbiwa, hutulia mchana kutwa, ingawa hamkumbuki aliyemwogesha. Wema umemfikia. Jina la aliyeuleta ndilo halikufika. Basi nilichokosa kule Upare kilikuwa mshahara wangu, yaani kutambuliwa kuwa mwana mwema, na nilipoukosa niliacha kazi.

Soma Isaya 49:15. Mungu anauliza kama mama aweza kumsahau mtoto wake, kisha anakubali kwamba hata hilo laweza kutokea. Kwa miaka mingi nililifundisha fungu hili kama mfano wa jambo lisilowezekana. Sasa ni habari ya nyumbani kwetu, na ya nyumba nyingi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na magonjwa ya kupoteza kumbukumbu, zaidi ya nusu yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwetu wengi huambiwa ni uzee tu. Wengine, hata makanisani, hunong'ona kwamba bibi amerogwa.

Mpwa wangu alikuwa na swali jingine, nami nililipeleka kwenye darasa letu la Shule ya Sabato. Tangu aanze kukaa kwenye ile meza, anaamka akijua ana kazi duniani. Je, ni haki apate furaha yake kutokana na ugonjwa wa watu? Shemasi mmoja alisema si haki, maana anayetafuta kusudi lake bado anajitafuta mwenyewe, akatukumbusha Mathayo 6:3. Mama mmoja aliyemuuguza mumewe miaka mingi alimkatiza. Alisema mgonjwa wake alihitaji kugeuzwa kitandani, na hakumuuliza hata siku moja anamgeuza kwa nia gani.

Nakaribia kukubaliana na yule mama. Lakini hofu ya shemasi haikuwa bure, maana mimi mwenyewe ni ushahidi wake: furaha yangu ilipoisha, miguu nayo ilisimama. Kwa mpwa wangu, saa alizodaiwa na chuo ziliisha zamani. Bado yuko mezani.

Juzi amepiga simu tena kuuliza kuhusu lile ua. Jumapili nitapanda basi la alfajiri. Dada amenionya nisimsahihishe Mama. Niitike kwa jina lolote atakaloniita.