Mji Wenye Macho

Katika mji wa Toronto, nchi ya Kanada, kampuni Sidewalk Labs, ndugu ya Google, ilitangaza mwaka 2017 shauri la kujenga mtaa mpya kando ya ziwa. Vyombo vya kompyuta vingehesabu watu na magari, ili taa na njia zifuate haja. Kusudi si baya. Mwenye kutengeneza njia hana budi kujua waipitao. Lakini mpita njia, je, ameulizwa? Jirani pia humwona apitaye, ila naye huonekana, tena husalimu. Mshauri wao, Ann Cavoukian, alidai kila alama ya kumtambulisha mtu ifutwe palepale; alipoambiwa kwamba kampuni nyingine hazitalazimishwa, alijiuzulu mwaka 2018. Mwaka 2020 shauri lenyewe liliachwa, kwa mashaka ya uchumi, walivyosema, si kwa ajili ya mpita njia.